Macho ya Kuazima

Machi 1

Daktari wa macho ameagiza niandike kila ninapomtia Kaka matone, asubuhi na jioni, apate kuona kama dawa inafuatwa. Nimeandika mstari mmoja, ukurasa wote uliobaki ni mtupu. Mimi ni fundi cherehani, kitambaa kikibaki roho hainipi kukitupa. Basi na hapa nitajaza mengine.

Matone asubuhi, matone jioni.

Kaka ana presha ya macho. Daktari alisema kinachomsalia ni kama kuchungulia kwenye tundu la kitasa, na tundu lenyewe linaziba. Matone hayarudishi kilichokwenda, yanachelewesha tu. Kaka alisikiliza mikono ikiwa magotini, akashukuru, kisha akauliza swali moja: "Nitaweza kucheza gofu mpaka mvua ziishe?" Daktari akanitazama mimi. Nikajifanya nasoma herufi za ukutani.

Nilidhani atauliza habari za upofu. Mtu anaambiwa anaingia gizani, yeye anaulizia mpira mdogo kama yai la njiwa.

Machi 4

Matone mara mbili. Binti ya Kaka amepiga simu. Ni mhasibu, anakaa mbali na hapa, ghorofa ya sita, na anataka baba yake ahamie kwake. Kaka aliiweka simu kwa sauti ya wazi, nikasikia yote huku nikikunja pindo za sketi za shule.

"Baba, huku kuna lifti, hospitali iko hapo chini tu, na nimeshapata mtu wa kukaa nawe mchana."

"Na nje kuna nini?"

"Kuna kibaraza."

"Kikubwa?"

"Kiti kinaenea, Baba."

Kaka akacheka kicheko kisicho na raha. Maisha yake yote amepima ardhi, amelala kwenye mahema zaidi kuliko kitandani. Marehemu wifi yangu alikuwa akisema ameolewa na buti. Tangu wifi afariki Kaka yuko hapa kwangu, na hata hapa akikaa chumbani saa nzima utamsikia anazunguka kama jogoo aliyefunikwa tenga.

Mwishowe wakaafikiana. "Niachie masika haya," Kaka alisema. "Siku nitakayoshindwa kumaliza mashimo tisa kihalali, njoo unichukue, sitabisha." Binti akakubali upesi mno. Nadhani alihesabu ni jambo la wiki mbili. Mimi namjua Kaka. Neno lake ni jiwe la mpaka, likishasimikwa halihamishwi.

Kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, nitahitaji macho ya kuazima."

Machi 5

Matone. Jua kali. Zipu za dukani zote mbovu mwaka huu.

Machi 9

Nimekwenda gofu. Nikifa waandike hivyo kaburini: aliwahi kwenda gofu.

Kiwanja kiko ng'ambo ya barabara. Ukuta wake ndio ninaoutazama dirishani siku zote nikitia uzi kwenye sindano, na sikuwahi kujiuliza nyuma yake kuna nini. Kuna nyasi. Nyasi, na bendera, na watu wazima wenye akili zao wanaupiga mpira mbali kwa nguvu zote kisha wanakwenda kuutafuta. Nilimwambia Kaka kwamba kama wanautaka si wangebaki nao mkononi. Rafiki yake akacheka mpaka akakohoa. Huyo rafiki ni mfamasia mstaafu, mtu wa matani, wanacheza pamoja kila Jumamosi. Anamwita Kaka "Mzee Mpaka."

Kazi yangu ni nyepesi. Namsimamia nyuma, namwelekeza bendera iko wapi, akipiga natazama mpira umeangukia wapi, kisha namwongoza. Mipira ya akiba naiweka kwenye mfuko wa aproni yangu ya kushonea, maana ndiyo nguo yangu pekee yenye mfuko wa maana.

Jambo moja limenishangaza. Hakuna refa. Kila mtu anahesabu mapigo yake mwenyewe na kuyasema kwa sauti, na mwenzake anaandika bila kuuliza. Nilimuuliza Mfamasia, mtu akidanganya je?

"Basi anakuwa amekwenda kumdanganya nani, Dada? Nyasi?"

Na mpira haushikwi kwa mkono. Ulipolala ndipo unapopigwa, hata kama ni kwenye shimo la fuko, mpaka ufike kwenye zile nyasi laini zenye bendera, wanaziita grini. Huko ndiko unakoruhusiwa kuuinua. Nikasema moyoni, sheria kama za mama mkwe.

Miguu inaniuma. Matone jioni nimeyachelewesha.

Machi 12

Matone. Mawingu yanakuja na kuondoka kama mteja asiyejua anachotaka.

Machi 16

Leo nimemuuliza Kaka kwa dhati, anapata nini kule. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la shimo la tano tukimngoja Mfamasia, aliyepotelea vichakani na mpira wake.

Alifikiri kidogo. "Mtu mzima akitembea peke yake porini, watu wanamuuliza amepoteza nini. Akisimama kutazama mti wanamdhania amerukwa na akili. Ukiwa na fimbo na mpira hakuna anayekuuliza. Mpira ni kisingizio tu, mdogo wangu. Unautupa mbele, kisha unalazimika kuufuata, na njiani unakutana na dunia."

"Na sasa huioni hiyo dunia."

"Naiona kwa miguu. Hapa tumeshuka tangu shimo la nne, hukuhisi? Upepo unatoka bwawani, una ubaridi. Kuna kanga upande wangu wa kushoto, wamenyamaza tulipokuja, sasa wameanza tena."

Nikatazama kushoto kwake. Kweli kulikuwa na kanga, wanapekua majani. Nina macho yangu mawili mazima na sikuwa nimewaona.

Akaniambia na jingine. Mwili wake unajua mpira umekwenda wapi kabla sijamwambia. Ukigonga sawasawa, mikono inapata habari. "Kama mikono yangu na maneno yako vitaendelea kupatana, nitacheza hata giza likishafunga kabisa. Wapo vipofu wanaocheza."

Sikuwahi kumwona mtu anatumaini hivyo kwa sauti ya chini. Matone jioni. Hakupepesa.

Machi 19

Mvua ya kwanza, usiku kucha. Asubuhi mbayuwayu wamejaa. Matone.

Machi 23

Nimesema uongo leo.

Shimo la saba lina mtaro mpya. Waliuchimba mwaka huu kabla ya mvua ili maji yasituame, unakatisha njia kutoka upande hadi upande, kina cha mtu kifuani, na kidaraja cha mbao pembeni. Kaka hakuwahi kuuona kwa macho yake mazima. Anaujua kwa kuambiwa na mimi.

Alipiga, mpira ukaenda vizuri, ukadunda, ukatumbukia mtaroni. Niliuona unazama kwenye maji ya kahawia. Yeye alisimama akiwa ameinua uso, anangoja. Siku nzima mambo yalikuwa yamemharibikia: ameupoteza mmoja vichakani, mwingine bwawani. Na mdomo wake ulikuwa umeanza kukaa vile ulivyokaa siku ya msiba wa wifi.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Umebaki huku. Pazuri tu. Mtaro bado uko mbali."

Nikatangulia, nikauachia mwingine kutoka mfukoni mwa aproni, ukaangukia nyasini hatua chache kabla ya ukingo. Akaja akaupiga, ukavuka juu kwa juu. Nikamzungusha kidarajani nikimpigia soga za mwalimu mkuu anayetaka sare za bluu zisizo bluu sana. Alimaliza mashimo tisa. Alitembea kurudi nyumbani akipiga mluzi.

Matone jioni. Alisema, "Umeona? Mikono bado inajua."

Machi 26

Matone. Mvua. Binti alipiga, Kaka akamjibu kwa majigambo. Nikaenda jikoni nikawasha redio.

Machi 30

Tena. Mara moja mtaroni, maneno yale yale, mtaro bado uko mbali. Mara moja vichakani, nikausukuma kwa kiatu mpaka kwenye nyasi safi. Sindano ya kwanza ndiyo inayouma, ya pili unakuwa umeshazoea.

Mfamasia alinitazama akasema, "Dada, una macho ya mwewe. Siku hizi Mzee Mpaka hapotezi mpira." Nikacheka. Na yeye akacheka.

Aprili 6

Matone asubuhi, matone jioni.

Lazima niandike ukweli mahali fulani, na iwe hapa. Mimi ni mtu wa ndani. Nimekaa kwenye kiti kile cha cherehani tangu nilipoachika, nikiinama, mpaka mgongo umechukua umbo la kazi. Nilikuwa naijua mvua kwa kelele zake juu ya bati na kwa adha ya nguo zisizokauka. Leo tumetoka alfajiri, umande mpaka magotini, ukungu umelala juu ya bwawa, bendera ya shimo la pili inaonekana ncha tu. Korongo mmoja amesimama majini hataki habari na mtu. Kumbikumbi wanapanda kutoka ardhini. Harufu ya udongo ikanijaa kifua mpaka nikasimama, na Kaka akasimama pia, hakuuliza kwa nini.

"Umeona nini?" alisema baadaye.

Nikamweleza. Kila kitu, hata rangi ya maji. Alisikiliza kama mwenye njaa.

Kwa hiyo siwezi kusema nadanganya kwa ajili yake peke yake. Kaka akiondoka, nitapita geti lile kwa kisingizio gani? Nitasema nimekuja kufanya nini, fundi wa sare za shule, na aproni yangu? Mpira ule ni kisingizio chake, na yeye amekuwa kisingizio changu. Ndiyo maana mkono unaingia mfukoni hata kabla sijaamua.

Aprili 9

Matone. Umeme umekatika, nimeshona kwa mkono.

Aprili 13

Mvua kubwa, kiwanja kimefungwa. Kaka na mimi tumekaa dirishani tukitazama ukuta. Yaani mimi nimetazama. Ilikuwa siku ndefu na wote wawili tulikuwa na hasira za bure. Aligombana nami kwa ajili ya chumvi.

Matone. Asubuhi alimimina maji nje ya kikombe. Nikapangusa.

Aprili 20

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na tangazo.

Tulipofika walikuwa wamebandika karatasi mlangoni. Mfamasia alimsomea Kaka kwa sauti: kwa sababu ya matope, kuanzia leo mchezaji anaruhusiwa kuinua mpira popote ulipolala kiwanjani, kuufuta, na kuurudisha. Wanafanya hivyo kila masika ardhi ikishalewa maji. Mimi nilisikia, lakini nilisikia kama mtu anayesikia bei ya kitu asichonunua. Nilikuwa natazama mawingu.

Mpaka shimo la sita mambo yalikwenda vizuri na bila msaada wangu. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, baridi inakata, vidole vyetu vimekuwa kama vya maiti. Kaka alikuwa na furaha. Shimo la saba akapiga, nikaona mpira unaelekea mtaroni kama ulioitwa. Maji yalikuwa yamejaa, hayakutoa hata sauti juu ya ile mvua.

"Umebaki huku, Kaka. Pazuri. Mtaro bado uko mbali."

Nikatangulia. Mkono mfukoni, mpira chini, mguu pembeni. Mfamasia alikuwa upande wa pili anahangaika na wake. Kaka akaja, nikamshika kiwiko, akainama. Nilidhani anapapasa ajue mpira uko wapi apige. Akauinua.

Akatoa kitambaa, akaanza kuufuta. Kisha akaacha kufuta. Akauweka kwenye shavu lake, pale chini ya jicho, akabaki hivyo. Manyunyu yanaanguka kwenye kofia yake.

"Mdogo wangu."

"Naam, Kaka."

"Huu umeupata wapi?"

"Si hapo hapo ulipouokota?"

"Kila kitu kwenye uwanja huu leo ni baridi. Nyasi baridi, fimbo baridi, mkono wako baridi. Mpira huu una joto."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema inaishia kwenye shavu la ndugu yako.

"Umetoka mfukoni," akasema.

"Ndiyo."

"Wa leo tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angeniamini, naapa angeniamini, na huo ungekuwa uongo mkubwa kuliko yote. "Hapana. Tangu mwezi uliopita."

"Mara nyingi?"

"Kila ilipobidi."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakupandisha sauti, na ningelipa chochote apandishe. "Nilikuwa nalala usiku nikiupitia uwanja huu kichwani, pigo kwa pigo. Najiambia, mikono bado inaona, giza na lije. Kumbe nilikuwa natembea kwenye ramani uliyonichorea wewe. Unajua tulimfanya nini mtu aliyechora vipimo vya uongo? Nyumba za watu zinasimama juu ya vipimo, mdogo wangu."

"Nilitaka usiende kule ghorofani."

"Na ni nani aliyekuambia mimi nataka kubaki kwa njia hii?"

Nikamwambia kwamba nami nilitaka kubaki. Kwamba nimepapenda. Nililia, na mvua ilinisitiri kidogo. Nilidhani hilo limemlainisha. Akasema tu, "Basi ungesema."

Akamwita Mfamasia, akamwambia afute kadi yake ya mapigo ya leo na zote za wiki zilizopita. Mfamasia akajaribu matani. "Mzee Mpaka, na mvua hii, nani anaona?"

"Ndiyo maana," Kaka alisema.

Akauweka ule mpira mkononi mwangu, akamshika Mfamasia bega, wakarudi. Mimi nikafuata nyuma na fimbo zake begani. Jioni alimpigia binti yake akamwambia aje mvua zikiisha.

Matone jioni. Alichukua chupa mkononi mwangu akajitia mwenyewe. Yakamwagika shavuni.

Aprili 22

Matone, sijui. Anajitia mwenyewe mlango ukiwa umefungwa.

Aprili 23

Nilimpelekea uji, akasema asante. Asante ya kumwambia mtu wa posta.

Aprili 24

Mvua. Sare za bluu zimekwisha.

Aprili 27

Nimeandika na kurarua, sasa naandika tena.

Kulipopambazuka nilisikia fimbo zinagongana kwenye begi, kisha mlango. Nilijua anakwenda wapi. Ilikuwa Jumamosi, siku yao, ila kiwanja kilikuwa kimefungwa na Mfamasia alikuwa amesema hatoki. Nilikaa kitandani nikiwa na donge langu. Wiki nzima amenipita kama anapita kabati. Nikasema moyoni, aende, akifika getini atakwama, ataniita. Nikalala tena. Nimeyaandika maneno haya na yasomeke: nikalala tena.

Nilipoamka mvua ilikuwa imeshika kweli na kitanda chake kitupu. Nilikimbia na kanga niliyolalia. Mlinzi akasema mzee amepita zamani, alisema anamalizia tu raundi moja, ataziaga nyasi. Nilimpigia Mfamasia huku nakimbia. Nilipita mashimo yote nikiita. Kwenye grini ya pili kulikuwa na nyayo zake kuzunguka shimo. Kwenye ya nne pia. Alikuwa anacheza kweli, peke yake, kwa kupapasa, na alikuwa anamaliza.

Tulimkuta shimo la saba, mtaroni. Maji yalikuwa kifuani kwake, amejishikiza kwenye mizizi ya ukingo, midomo ya buluu. Nyonga ilikuwa imevunjika, tulipomvuta alitoa sauti ambayo sitaki kuijua tena. Mfamasia, mzee yule, aliingia majini na viatu vyake.

Ilinichukua mpaka hospitali, nikiwa nimekaa kwenye benchi la korido na nguo zinachuruzika, kuelewa. Alipiga mpira wake kama kila wiki. Alitembea kuufuata kama kila wiki, mwendo ule ule. Na kila wiki, mahali pale pale, kulikuwa na sauti inamwambia mtaro bado uko mbali. Alikuwa amekwishajua kwamba mipira ilikuwa ya uongo. Hakujua kwamba na mtaro pia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemwonyesha mtaro ule.

Aprili 29

Binti amefika. Alisimama mlangoni mwa wodi na mkoba wa safari.

"Shangazi, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala."

Hakuniuliza zaidi. Ningependa aniulize zaidi.

Mei 3

Wamemfanyia upasuaji. Presha ya macho imepanda, na daktari wa macho amekuja akamchungulia na kitochi chake, akaandika, akaondoka bila kusema na mtu. Tundu limeziba. Kaka aliambiwa na binti yake. Alisema, "Nilishalihisi mtaroni. Nilidhani ni maji."

Mei 8

Wameondoka kwa gari la wagonjwa. Nilimfungia nguo zake. Buti nilizisugua nikazitia rangi, kisha sikujua kama ni dhihaka kuzifunga au kuziacha. Nimezifunga. Akaninyooshea mkono, nikaushika, akauachia kabla yangu.

Matone yamebaki nusu chupa. Hakuna wa kutiwa.

Mei 11

Mfamasia amekuja. Alikaa kwenye kiti cha wateja akizungusha kofia mikononi, matani yamemwishia.

"Dada, mimi nilikuona tangu wiki ya pili."

Nikaacha kushona.

"Niliona mkono unaingia kwenye aproni. Nikageuza uso. Nimecheza na yule mzee tangu nywele zetu nyeusi, ningecheza na nani? Nikajiambia, mradi anapiga mluzi."

Ningetaka kumrushia mkasi na ningetaka kumkumbatia, vyote kwa pamoja. Alipoondoka alisema kule getini wananijua sasa, nikitaka kuingia kutembea hawatanizuia. Niseme nimekuja kwa ajili ya Mzee Mpaka.

Mei 14

Mvua zinapungua. Leo nimepita getini peke yangu. Nyasi zimepanda, mtaro wameuwekea kamba nyekundu. Sasa wameuwekea.

Mei 18

Kaka amepiga. Simu nilidhani ya mteja.

Sauti yake imekuwa nyembamba. Nilimuuliza hali, akasema nyonga inauma usiku na kibaraza hakioni upepo, ghorofa nyingine imeukinga. Kisha akauliza, kwa haraka, kama anayeomba kitu cha aibu:

"Pakoje?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimetoka huko asubuhi ile. Korongo wamekuwa wawili. Bwawa limefika kwenye benchi la shimo la tano. Kuna uyoga mweupe chini ya mti wa shimo la tatu. Nilieleza taratibu, kama ninavyotia uzi, kila kitu mahali pake, na sikuongeza hata jani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nitamuuliza Mfamasia."

Akamuuliza. Najua, kwa sababu Mfamasia alinipigia akiwa na haya, akataka nimhakikishie hesabu ya korongo. Nilimwambia ni wawili. Sikumwambia Kaka kwamba na shahidi wake ni wa kuazima. Atabaki na nani?

Mei 21

Amepiga. Kanga wamerudi? Wamerudi. "Nitamuuliza Mfamasia."

Mei 23

Amepiga. Maji ya bwawa yamepungua? Yamepungua, benchi limetoka. "Nitamuuliza Mfamasia." Binti yake aliniambia baadaye kwamba anakaa kibarazani kutwa na buti miguuni, na hakuna anayeruhusiwa kumvua.

Mei 25

Hakuna mvua kwa siku kadhaa sasa. Asubuhi jua lilitoka kama si yeye. Mteja alileta suruali za haraka, nikakaa kitini mpaka mgongo ukalia, na sikutoka.

Kaka amepiga jioni.

"Leo wamekata nyasi? Harufu ikoje?"

Ningeweza kumwambia. Harufu ya nyasi zilizokatwa naijua sasa, ningeipamba na angeipenda, na Mfamasia angeithibitisha kabla hajaulizwa. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

"Sikwenda leo, Kaka. Sijui."

Nilisikia gari zinapita mbali chini yake, na kiti chake kinalia.

"Hilo nimeliamini," akasema, akakata simu.

Nimetundika aproni msumarini na kugeuza mfuko wake nje. Kesho nitakwenda mapema, kabla ya cherehani, nikaangalie kama wamekata.